Filamu za West Nile: nani ashike mkasi?

Katika watu wote wenye asili ya West Nile, eneo la kaskazini-magharibi mwa Uganda, hakuna aliyetengenezewa filamu nyingi kama Idi Amin, mtawala wa zamani wa nchi hiyo. Mwaka 1974 Barbet Schroeder alitoka Ufaransa akamtengenezea dokumentari nzima. Baada ya uvamizi wa Israeli wa kuokoa mateka Entebbe, Julai 1976, Wamarekani walikimbilia kutoa filamu za mkasa huo, mojawapo *Raid on Entebbe* ya Irvin Kershner. Mwaka 1981 Sharad Patel wa Kenya alileta *Rise and Fall of Idi Amin*, Mkenya Joseph Olita akiigiza nafasi ya Amin. Mwaka 2006 ikaja *The Last King of Scotland* ya Kevin Macdonald, iliyopigwa hukohuko Uganda. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili ili aivae vyema nafasi hiyo, na mwaka uliofuata akabeba Oscar.

Baba yake Amin alikuwa Mkakwa wa Koboko, mji wa kaskazini-magharibi kabisa mwa Uganda, zaidi ya kilomita 500 kutoka Kampala, jirani na mahali Uganda inapopakana na Sudan Kusini na Kongo. Wanahistoria bado wanabishana kama mwana naye alizaliwa hapo au Kampala. Kuhusu waongozaji hakuna ubishi: wametoka Ulaya, Marekani na Kenya. Koboko na jirani yake Arua zimetazamwa sana. Zamu yao ya kutazama bado.

Dokumentari ya Schroeder inastahili kukumbukwa kwa jinsi ilivyopatikana. Amin aliikubali kwa sababu aliamini ni yake. Alipiga akodioni, na muziki huo ukatumika ndani ya filamu. Alipanga mwenyewe baadhi ya matukio, likiwamo zoezi la kijeshi la kuigiza kuiteka Milima ya Golan. Filamu ilipotoka Ulaya na watazamaji wakacheka mahali ambapo yeye hakukusudia kichekesho, alitaka vipande vikatwe. Schroeder alipokataa, Wafaransa waliokuwa wakiishi Kampala walikusanywa hotelini, wanajeshi wakazunguka jengo, na mateka hao wakapewa namba ya simu ya mwongozaji ili wamsihi wenyewe. Vipande vikakatwa. Vilirudishwa baada ya Amin kuanguka mwaka 1979.

Kisa hicho kina funzo ambalo kijana wa Arua mwenye kamera anapaswa kulitafakari kabla hajaandika ukurasa wa kwanza wa hadithi yake: kila filamu ina mkasi, na mkasi huo una mwenyewe. Anayeujua mapema mkono unaoushika ndiye anayebaki na filamu yake.

Watengenezaji filamu wanaojitegemea wa Afrika Mashariki wameeleza mara nyingi, kwenye matamasha na katika mahojiano, jinsi kazi zao zilivyozaliwa. Wasikilizaji hupenda sehemu ya mateso: hatukuwa na pesa, hatukulala, kamera ilikuwa ya kuazima. Ni sehemu tamu, na mara nyingi ni ya kweli. Lakini kwa mtu wa Koboko, maelezo yenye faida ni yale yanayopitwa harakaharaka. Watu walilala nyumba ya nani? Nani aliwapikia? Pesa ilitoka wapi, na aliyeitoa alitaka nini? Filamu ilionyeshwa wapi, na leo nakala yake iko kwa nani?

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Isaac Nabwana wa Wakaliga, mtaa wa kimaskini wa Kampala. Filamu yake *Who Killed Captain Alex?* ya mwaka 2010 imezunguka dunia ikiwa na sifa moja kubwa: inasemekana ilitengenezwa kwa chini ya dola 200. Vijana wengi wameisikia takwimu hiyo wakahitimisha kwamba filamu ni suala la ujasiri tu.

Tuikague hesabu hiyo. Nabwana alikuwa akifyatua matofali, na pesa ya matofali ndiyo iliyoanzisha kazi. Kompyuta ya kuhariri aliiunganisha mwenyewe kwa vipuri alivyokusanya. Fundi Dauda Bisaso alitengeneza bunduki bandia na vifaa vya kubebea kamera kwa vyuma chakavu. Damu ya bandia ilijazwa kwenye kondomu ili ipasuke vizuri. Waigizaji hawakulipwa mshahara. Filamu ilipokuwa tayari walizunguka nyumba kwa nyumba wakiuza diski na kugawana mapato na studio, wakishindana na wanakili haramu ambao wangejaza soko baada ya siku chache. Studio yenyewe ilikuwa nyumbani kwake. Hata jina la awali la studio hiyo, Ramon, limeunganishwa kutoka majina ya bibi wawili wa Nabwana, Rachael na Monica.

Kwa hiyo dola 200 ni fedha taslimu tu. Weka juu yake kazi ya bure ya mtaa mzima, kiwanja cha familia, ufundi wa Bisaso na miguu ya waigizaji wanaouza diski juani, utapata bajeti ambayo hakuna benki ingekubali kuikopesha. Mtaji mkubwa wa Nabwana ulikuwa Wakaliga yenyewe. Watu walimjua, walimwamini, na walitaka kujiona kwenye skrini. Mcheza kwao hutunzwa.

Mkasi wa Wakaliga ulishikwa na wanunuzi. Mtaa ulitaka mapigano, kung fu, helikopta na vichekesho, na Nabwana akawapa. Mfasiri VJ Emmie aliweka juu ya filamu sauti yake ya kushangilia na kudhihaki, kama ilivyo desturi ya vibanda vya video vya Uganda, ambako VJ hutafsiri filamu za kigeni kwa watazamaji papo kwa papo. Filamu hizo zimekwenda mbali: *Crazy World* ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2019. Nabwana alipoomba dola 160 kwenye mtandao wa Kickstarter mwaka 2015 kwa ajili ya filamu nyingine, mashabiki walimchangia zaidi ya dola 13,000.

Hasara haisimuliwi kwa furaha hiyo. Kompyuta ya Nabwana haikuwa na nafasi ya kuhifadhi, hivyo baada ya kumaliza *Captain Alex* aliifuta ili apate pa kuhariria kazi iliyofuata. Toleo la awali lisilo na sauti ya VJ limepotea. Filamu maarufu kuliko zote za kujitegemea nchini Uganda imebaki katika nakala hafifu, kwa sababu wakati ule diski moja ya kuhifadhia ilikuwa ghali kuliko uwezo wa mwenye filamu.

Njia ya pili ni ya mafunzo na fedha za kutoka nje. Tangu katikati ya miaka ya 2000, Maisha Film Lab iliyoanzishwa Kampala na Mira Nair imewafunza waandishi na waongozaji wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda. Dilman Dila, mwandishi wa hadithi kutoka Tororo, alipita huko, na filamu yake *The Felistas Fable* ikashinda tuzo katika Tamasha la Filamu la Uganda mwaka 2014. Tororo, kama Koboko, ni mji wa mpakani ulio mbali na kumbi za Kampala. Kilichomfikisha Dila mbali ni hadithi iliyoandikwa vizuri kabla kamera haijawashwa, na nafasi ya kuijadili hadithi hiyo na watu wanaojua kazi.

Nairobi ilipata mlango wake kupitia One Fine Day Films ya Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, wakishirikiana na kampuni ya Ginger Ink. Mafunzo yao yalizaa *Nairobi Half Life* ya David Tosh Gitonga mwaka 2012, filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania Oscar, na baadaye *Supa Modo* ya Likarion Wainaina. Kampala ilikuwa na *The Boda Boda Thieves* ya Donald Mugisha, iliyofika tamasha la Berlin mwaka 2015. Iliazima wazo la filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1948 kuhusu baiskeli iliyoibwa na kulipandisha juu ya bodaboda.

Zanzibar imeonyesha subira inayohitajika. Amil Shivji aliichukua riwaya ya Adam Shafi, *Vuta N'Kuvute*, akaigeuza kuwa filamu ya Kiswahili iliyoingia Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, ya kwanza tangu *Maangamizi* ya mwaka 2001. Hadithi hiyo ilikwisha kupendwa na wasomaji wa Kiswahili kabla ya mpiga picha yeyote kuigusa. Maktaba ya hadithi za nyumbani ni mtaji wa aina yake, na West Nile nayo inayo, japo nyingi bado ziko vinywani mwa wazee.

Fedha za kutoka nje nazo zina mkasi. Mfuko wa Ulaya huuliza filamu itazungumza na nani, huleta wakufunzi wenye ladha yao, huweka tarehe za mwisho. Si kosa, mradi mwombaji anajua anakata nini na anabakiza nini. Kosa ni mwongozaji kusimama mbele ya vijana na kusimulia mateso pekee, akiuruka ukurasa wa ruzuku ya ubalozi au mshirika wa Berlin. Kijana wa Koboko akitoka hapo huamini ameshindwa kwa uvivu, kumbe ameshindwa kwa kukosa taarifa.

Kwa jirani wa magharibi, Kongo, kuna mfano wa tatu, na pengine ndio ulio karibu zaidi na West Nile. Dieudo Hamadi wa Kisangani, ambaye mara nyingi hushika kamera mwenyewe, aliwafuata manusura wa vita vya siku sita vya Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana ndani ya mji wao. Watu hao, wengi wao wamekatwa viungo, walipanda mashua wakateremka Mto Kongo hadi Kinshasa kudai fidia. Filamu hiyo, *En route pour le milliard*, iliteuliwa na tamasha la Cannes la mwaka 2020. Hamadi hakuhitaji kujenga mandhari wala kukodi magari. Alihitaji muda, na imani ya watu waliokubali aingie nao ndani ya mashua. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake huko, hivyo hadithi ya manusura hao inawahusu pia walipa kodi wa Arua.

West Nile ina hadithi za uzito huohuo. Oktoba 1980, UNLA, jeshi la serikali iliyofuata baada ya Amin, liliporudi kulipiza kisasi kwa watu waliohesabiwa kuwa wa Amin, maelfu walivuka mpaka kuingia Sudan na Zaire, Kongo ya leo. Juni 24, 1981, wanajeshi waliwaua raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua. Miaka 35 baadaye njia iligeuka. Mapigano yalipozuka Juba Julai 2016, watu wa Sudan Kusini walimiminika upande wa Uganda. Makazi ya Bidi Bidi wilayani Yumbe yalifunguliwa Agosti mwaka huo na kabla mwaka haujaisha yalikuwa na watu zaidi ya 250,000. Koboko yenyewe inawahifadhi Wakongo katika makazi ya Lobule. Wazee waliokuwa wakimbizi ng'ambo sasa ni wenyeji wa wajukuu wa waliowapokea. Mwandishi wa filamu akikosa hadithi hapo, afadhali atafute kazi nyingine.

Hata lugha zinasaidia. Sokoni Koboko mtu husikia Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kiarabu cha Juba, Lingala na Kiswahili asubuhi moja. Kusini mwa Uganda wengi bado wanakihusisha Kiswahili na kambi za jeshi, hasa baada ya Amin kukitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Huku West Nile, Kiswahili ni lugha ya biashara na ya kuelewana na majirani. Filamu inayoyachanganya mazungumzo hayo kama yalivyo ingeeleweka Yei, Ariwara na Arua, katika nchi tatu, bila kusubiri ruhusa ya soko la Kampala.

Kamera nazo zipo. Harusi, mazishi, kampeni za uchaguzi na video za muziki zimewalea wapiga picha wengi katika miji ya Uganda. Halafu yako mashirika ya misaada, ambayo tangu 2016 yamefurika West Nile na kuhitaji video za visima, chanjo na vikundi vya akina mama. Vijana wamejifunza mengi kwenye kazi hizo, ikiwamo kufika kwa wakati na kutunza sauti. Lakini mkasi wa video hizo uko ofisini kwa mwagizaji. Mkimbizi hulia kwa dakika moja, hutabasamu kwa dakika moja, kisha nembo inatokea. Picha zikishakabidhiwa, aliyezipiga mara nyingi habaki hata na haki ya kuwaonyesha majirani zake.

Wapo watakaosema mji uliosubiri umeme kwa miaka hauna sababu ya kuzungumzia sinema. Ni hoja nzito: kwa muda mrefu West Nile haikuunganishwa na gridi ya taifa, na kuhariri filamu kwa jenereta ni kuchoma petroli kila saa. Hata hivyo pesa ya picha tayari inatumika katika eneo hilo, na nyingi. Mjadala halisi ni kama sehemu ndogo yake inaweza kubaki na kuwa mali ya wenyeji.

Ili ibaki, jambo la kwanza ni mahali pa kuonyesha. Vibanda vya video viko tayari, vina viti, skrini na watazamaji wanaojua njia. Jumamosi na Jumapili ni za mpira wa Uingereza, na hakuna atakayeshindana nao. Siku za katikati ya wiki kibanda hupoa. Mwenye kibanda na kikundi cha watengenezaji filamu wakikubaliana kugawana kiingilio cha usiku mmoja wa wiki, filamu fupi za wenyeji zitapata kitu ambacho ruzuku haiwezi kununua: watazamaji waliolipa na wanaoweza kuzomea. Wakaliga ilikua kwa wateja wa aina hiyo, na VJ wa Kilugbara au Kikakwa angeweza kuufanya usiku huo uwe sherehe.

La pili ni vifaa vya pamoja. Mpiga video wa harusi mmoja ana taa, mwingine ana kinasa sauti kizuri, wa tatu ana kompyuta yenye nguvu. Kila mmoja akijifungia na chake, kila filamu itakuwa na kasoro moja kubwa. Chama kidogo cha kukodishana kwa bei nafuu, chenye daftari na mhasibu, kingefanya kazi kuliko semina tatu za hotelini.

La tatu ni kuhifadhi, na hapa historia ya Amin yenyewe inatoa mfano mwema. Wapiga picha wa serikali yake walimfuata kila aendako, na hasi zao zikakaa kwenye makabati ya shirika la utangazaji la UBC kwa miongo kadhaa. Watafiti na wafanyakazi wa UBC walipozishughulikia, zilikuwa takriban 70,000. Baadhi zilionyeshwa kwenye Makumbusho ya Uganda mwaka 2019, na wananchi wakaona nchi yao ya miaka ya 1970 kwa macho mapya. Hasi ziliokoka kwa sababu mtu aliziandika tarehe na kuziweka bahasha. *Captain Alex* haikupata bahati hiyo. Diski mbili, moja Koboko na nyingine Arua, zikiwa na orodha ya kilichomo, zingegharimu chini ya sherehe moja ya uzinduzi.

Serikali kuu nayo ina deni. Tume ya Mawasiliano ya Uganda imeendesha Tamasha la Filamu la Uganda tangu 2013, na tamasha hilo limewapa wengi jina. Lakini uzito wake uko Kampala, na mwongozaji wa Koboko husafiri usiku kucha kwenda kutazama filamu ambazo majirani zake hawataziona. Tume ingeweza kuzileta filamu zilizoshinda Arua na Koboko kila mwaka, waongozaji wake wakifuatana nazo, na kuwataka waeleze mbele ya vijana bajeti yote: taslimu, mkopo, ruzuku, kazi ya bure, na masharti yaliyoambatana na kila shilingi.

Manispaa inaweza kuanza bila kuingoja Kampala. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza Julai 1, na mikutano ya bajeti ya wilaya na manispaa hufanyika miezi mingi kabla ya hapo. Wapiga video, wenye vibanda na walimu wa sekondari wa Koboko wana nafasi ya kufika humo na ombi la ukurasa mmoja: ukumbi usiku mmoja kwa wiki, umeme wa kuaminika kwa kompyuta mbili, na kabati la kufungia diski. Wazee waliovuka mpaka mwaka 1980 wanazidi kupungua, na ombi hilo likichelewa miaka kumi, wapiga picha watakuta makaburi badala ya mashahidi.